Nyoka wa dhiraa 30

Tulianzia kwenye mlingoti wa bendera. Nikalaza mkono chini, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na mtoto mmoja akakwaruza mstari kwa kijiti: dhiraa moja. Nikasogeza mkono: dhiraa mbili. Darasa zima la nne lilikuwa likihesabu kwa sauti kama wanavyohesabu wakiruka kamba, nikisogea nao wanasogea. Dhiraa ya 30 ilitufikisha chini ya mwembe. Nikasimama, nikakung'uta vumbi kwenye gauni, nikawaambia, "Kichwa chake kiko hapa. Mkia mmeuacha kule kwenye bendera. Na ndevu zake zinapita dhiraa mbili."

"Nyoka ana ndevu, Mwalimu?"

"Huyu anazo. Mwili wake umefunikwa dhahabu, na nyusi zake ni za jiwe la buluu la thamani."

Binti mmoja akaja akalala kifudifudi pale mwembeni, kidevu juu ya viganja, akautazama uwanja wote hadi kwenye bendera. Alitaka kujua nyoka mkubwa namna ile akimtazama mtu, mtu anaonekanaje. Akainuka akasema, "Anaonekana mdogo sana." Nilishtuka, kwa sababu katika hadithi nyoka anamwita baharia kwa neno hilohilo: nani amekuleta, nani amekuleta, ewe mdogo? Nilikuwa bado sijawasimulia sehemu hiyo.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Tanga, na kila Ijumaa kipindi cha mwisho huwa tuko chumba cha vitabu. Muhula huu mzima tumekuwa Misri ya kale. Wazazi wawili watatu wameniuliza, kwa heshima kabisa, kwa nini huko. Mmoja alisema wazi kwamba anaona si vizuri kuwajaza watoto habari za Firauni. Nilimjibu pale getini kwa maneno machache kwa sababu bodaboda ilikuwa inamsubiri. Jibu lenyewe ni refu, na leo nimekaa niliandike.

Bibi yangu wa Pangani alikuwa na matusi machache, na kubwa kuliko yote lilikuwa hilo. Mtu akila mali ya yatima, akimpiga mkewe, akijenga ukuta kuziba njia ya wenzake ya kwenda kisimani, bibi alisema, "Firauni yule!" Nilikuwa na miaka kumi hivi ndipo nilipojua kwamba Firauni alikuwa mfalme. Kabla ya hapo nilidhani ni aina ya mtu, kama mchoyo au mlevi. Kamusi zetu zinakubaliana na bibi: firauni ni mtu mwovu, ufirauni ni uovu wake. Wenzangu waliokwenda kanisani walimwita Farao, lakini ni yuleyule wa Musa na bahari iliyopasuka. Huyo wa Musa Mungu ameshamhukumu, mimi sina la kuongeza. Lakini Misri ilikuwa na wafalme kwa karibu miaka 3,000, na lugha yetu imewafungia wote ndani ya neno moja la kutukania, pamoja na wakulima wao, mabaharia wao na watoto wao.

Neno la pili ni mumiani. Waliokulia pwani zamani zangu hawahitaji kuelezwa. Jua likizama hujarudi nyumbani, unaambiwa mumiani watakukamata, watakunyonya damu ikatengenezwe dawa. Gari la zimamoto likipita mtaani kwetu tulikimbilia uvunguni, maana watu wazima walinong'ona kwamba ndilo linalobeba watu. Nimekuja kusoma nikiwa mwalimu tayari, katika kamusi ya zamani ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939, kwamba mumiani hasa ni dawa: kitu cheusi kama gundi kilichosemwa kuwa kinaletwa kutoka Uajemi, watu wakijipaka au wakinywa kwa ajili ya mifupa iliyovunjika, na wengi wakiamini kwamba ni damu ya binadamu iliyoganda. Asili yake ni Kiajemi, mumiya, yaani lami inayotoka miambani. Wazungu nao walilichukua neno hilohilo wakawapa maiti wa Misri, kwa sababu miili ile ilikuwa myeusi wakadhani imepakwa lami. Na katika karne ya 16 na ya 17 maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti hao, wagonjwa wakaunywa.

Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu. Sisi tuliambiwa ni washirikina kwa kuamini kwamba kuna watu wanatengeneza dawa kwa miili ya watu. Kumbe walikuwepo, na dawa yenyewe ilikuwa na bei dukani.

Miaka kadhaa iliyopita shule yetu ilipokea maboksi ya vitabu vya watoto kutoka ng'ambo, vilivyokwisha kutumika. Nilivipanga mwenyewe rafuni. Vilivyohusu Misri vilikuwa tisa, na vyote tisa vilikuwa na kaburi, laana, au maiti anayenyanyuka na vitambaa vyake. Katika saba kati ya hivyo sikukuta Mmisri hata mmoja aliye hai mwenye jina. Walio hai walibeba mizigo, waliongoza ngamia, na laana ilipoanza walikimbia wakipiga kelele. Watoto kutoka London ndio waliosoma maandishi ukutani, ndio waliookoa dunia. Wanafunzi wangu walivipenda sana vitabu hivyo, wala siwalaumu. Ukiwa na miaka tisa, maiti akifungua jicho ndani ya jeneza, hakuna raha inayozidi hiyo. Ila nilikuwa nawatazama wakicheza mchezo wa maiti uwanjani, mikono mbele, miguu inakokotwa, nikajiuliza kama kuna siku watajua kwamba mtu yule aliyefungwa vitambaa naye alikuwa na mama aliyemsimulia hadithi.

Uandishi wa namna hiyo una historia yake, nami nimeifuatilia. Mwaka 1822 Mfaransa Champollion alitangaza jinsi ya kusoma maandishi ya Misri ya kale. Miaka mitano tu baadaye, 1827, Jane Webb, kijana wa Kiingereza, alichapisha riwaya ambamo maiti wa mfalme Khufu anafufuliwa mwaka 2126. Mwaka 1869 Louisa May Alcott wa Marekani alitoa hadithi fupi ya laana inayotoka piramidi. Kwa hiyo Novemba 1922, mchimbaji wa Kiingereza Howard Carter alipoziona ngazi za kaburi la mfalme Tutankhamun, na Aprili 1923 Lord Carnarvon aliyemgharimia alipofariki Cairo baada ya jeraha la kuumwa na mbu kuingia uchafu, laana ilikuwa imeshatungwa zamani. Magazeti yaliiokota tu. Carter mwenyewe, aliyeingia wa kwanza, alifariki 1939. Nawaandikia watoto tarehe hizo ubaoni, 1922 na 1939, wanatoa wenyewe: miaka 17. "Laana gani inachelewa hivyo?" aliuliza mmoja.

Kuna mwandishi mmoja wa Ulaya ninayemheshimu katika jambo hili, naye ni Agatha Christie. Miaka ya 1940 aliandika riwaya ya mauaji inayotokea Thebes, mji wa Misri ya kale, karibu miaka 2,000 kabla ya Kristo, na ndani yake hakuna Mzungu, hakuna mchimba kaburi. Kuna nyumba tu: baba mkali, wana waliooa wanaogombea mali, mwanamke kijana aliyeletwa nyumbani akavuruga kila kitu. Nyumba hiyo hakuitunga kutoka hewani. Aliikuta katika barua za kweli za mzee mmoja aliyeitwa Heqanakht, zilizofukuliwa ng'ambo ya mto kutoka Luxor na wachimbaji wa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York miaka ya 1920.

Barua hizo nimezisoma katika tafsiri mara nyingi kuliko riwaya yenyewe. Mzee yuko safarini, anawaandikia wanawe: shamba lile likodishwe, shayiri mliyoniletea ni kuukuu, kila mtu wa nyumbani apewe posho kiasi hiki na hiki. Mtumishi aliyemtendea vibaya mke wake mpya afukuzwe leo hii. Mtoto mdogo, Snefru, apewe anachotaka. Wakinung'unika kwamba posho imepungua, anawaambia nusu ya uhai ni bora kuliko kufa kabisa. Babu yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko Korogwe, na barua alizomwandikia bibi bado ninazo ndani ya kopo la biskuti. Posho. Nani apewe debe la mahindi na nani apewe nusu. Yule fundi asilipwe mpaka amalize paa. Na mwishoni kabisa, kama vile alikuwa amesahau: mtoto wa mwisho anunuliwe viatu, asikataliwe. Nilipomsoma Heqanakht nilisikia sauti ya babu.

Hapo ndipo nilipoacha kutafuta vitabu kuhusu Misri nikaanza kutafuta hadithi za Misri yenyewe, walizoandika wao, kwenye karatasi zao za mafunjo. Zipo, na nyingine zina umri wa karibu miaka 4,000. Nazisoma kwa Kiingereza, nazigeuza Kiswahili usiku, Ijumaa nazitoa kwa mdomo. Nimeona hazihitaji kurekebishwa sana. Zinaingia katika Kiswahili kama mguu katika kandambili yake.

Ya baharia na nyoka ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Jahazi lina urefu wa dhiraa 120 na upana wa dhiraa 40, mabaharia ni 120, watu wenye mioyo kuliko simba, wanaoitambua tufani kabla haijaja. Tufani ikaja kabla hawajagusa nchi kavu. Wimbi la dhiraa nane. Wote wakafa akabaki mmoja, akatupwa kisiwani, akakaa siku tatu peke yake, moyo wake ndio mwenzake. Akakuta tini, zabibu, matango, samaki, ndege. Akapekecha moto. Ndipo akasikia ngurumo akadhani ni wimbi: miti inavunjika, ardhi inatikisika, akafunua uso akaona nyoka yule tuliyempima uwanjani. Nyoka akambeba kinywani hadi kwake, akamtua bila mkwaruzo.

Halafu nyoka, badala ya kumla, anamsimulia ya kwake. Alikuwa hapo kisiwani na ndugu zake na watoto wao, nyoka 75 kwa jumla, mbali na binti mdogo aliyempata kwa dua. Nyota ikaanguka kutoka mbinguni, wote wakateketea. Yeye hakuwa pamoja nao saa ile. Alirudi akawakuta rundo moja la maiti, akatamani afe pamoja nao. Kisha anamwambia baharia: ukiwa jasiri ukautuliza moyo wako, utawakumbatia watoto wako, utambusu mkeo, utaiona nyumba yako, na hilo linapita kila kitu.

Katika darasa langu wengi ni watoto wa wavuvi. Wanajua chombo kinachochelewa kurudi, wanajua mama anayekwenda kusimama ufukweni mara tatu kwa siku. Nilipofika hapo hapakuwa na aliyesogeza mguu. Kijana mmoja wa dawati la mbele akasema polepole, hata si kwangu, "Kumbe nyoka naye alibaki peke yake."

Nyoka anamtabiria: baada ya miezi minne litakuja jahazi kutoka kwenu, na ndani watakuwamo watu unaowajua. Likaja. Nyoka akampa shehena ya zawadi: manemane, wanja, mikia ya twiga, pembe za ndovu, mbwa wa kuwindia, nyani, kima. Hapa watoto walianza kunyoosha mikono kabla sijamaliza. Wanja uko kwa mama. Manemane iko kwa muuza dawa sokoni, karibu na ubani. Mkia babu anao, wa kufukuzia nzi, ingawa wa babu ni wa ng'ombe. Nyoka yule alijiita bwana wa Punt, nchi ambayo Wamisri waliiendea kwa Bahari ya Shamu kufuata manukato. Wataalamu wamepima nywele na mifupa ya nyani waliokaushwa makaburini Misri, wakaona kwamba walitoka pande za Eritrea, Ethiopia na Somalia. Niliwaonyesha kwenye ramani. Mmoja alitaka kuivuta Punt iteremke hadi Tanga, nikamkatalia, maana hatuna ushahidi huo. Lakini ubani wa pembe ile ya Somalia umeshuka kwa majahazi hadi kwenye vyetezo vya nyumba zetu kwa karne nyingi, na hilo nilimruhusu aliandike.

Hadithi ya baharia ina mwisho wa ajabu. Anayesimuliwa ni mkuu wake wa msafara, mtu anayerudi kwa mfalme na wasiwasi mwingi, na baharia anamsimulia ili amtie moyo. Mkuu anajibu kwa methali: nani humpa maji bata bukini alfajiri ya siku atakayochinjwa? Basi. Faraja imekataliwa. Chini yake mwandishi aliyeinakili akaweka maneno yake: imetoka mwanzo wake hadi mwisho wake kama ilivyokutwa katika maandishi, kwa mkono wa mwandishi mwenye vidole hodari, Amenaa mwana wa Ameny. Watoto walifurahia kupita kiasi kwamba jina lake bado lipo. Mtu alimaliza zoezi la kunakili, akaandika jina lake na la baba yake kama wao wanavyoandika juu ya daftari, na sisi Tanga tunalisoma.

Sasa nirudi kwa yule mzazi na Firauni wake. Kuna mkusanyiko wa hadithi, karatasi yake iko Berlin, ambamo wana wa mfalme Khufu wanamsimulia baba yao habari za waganga. Khufu ndiye mwenye ile piramidi kubwa ya Giza. Analetwa mbele yake mzee aitwaye Dedi, mwenye miaka 110, anayekula mikate 500 kwa siku na kunywa mitungi 100 ya pombe, na anayeweza kurudisha kichwa kilichokatwa. Khufu anasema: mleteni mfungwa, akatwe tujaribu. Dedi anamjibu mfalme usoni: si kwa binadamu, bwana wangu, hilo halifanywi kwa binadamu. Na mfalme anakubali. Wanaleta bata bukini. Mimi nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo. Raia amemkatalia Firauni, Firauni ametii, na hadithi imesimuliwa Misri, na Wamisri, kwa raha zao.

Naguib Mahfouz aliijua karatasi hiyo. Watu wanamkumbuka kwa riwaya za vichochoro vya Cairo na kwa tuzo ya Nobel ya 1988, lakini alianza na Misri ya kale: akiwa kijana alitafsiri kitabu cha Kiingereza cha historia yake, kisha riwaya zake tatu za mwanzo, 1939, 1943 na 1944, zote ni za enzi hiyo. Ya kwanza inamhusu Khufu, na utabiri unaoiendesha umetoka kwa Dedi yuleyule. Ya tatu inahusu Wamisri wakiwafukuza watawala wageni kutoka Thebes, nayo ilitoka wakati askari wa Uingereza wako Misri. Msomaji wa Cairo hakuhitaji kufafanuliwa. Katika hotuba yake ya Nobel alijiita mwana wa ustaarabu wawili, wa mafarao na wa Kiislamu, akasimulia habari ya farao aliyegundua kwamba wanawake wa nyumba yake wana uhusiano na wanaume wa baraza lake. Badala ya kuwaua wote aliita watu wa sheria wachunguze, apate kuhukumu kwa haki. Mahfouz alisema tendo hilo ni kubwa kuliko kujenga dola au piramidi. Laiti bibi yangu angelisikia hilo. Asingeliacha tusi lake, namjua, lakini angetaka kujua jina la mfalme.

Ya ndugu wawili, Anubis na Bata, tuliisoma upesi kwa sababu ina mambo ya watu wazima: mke wa kaka anamtaka mdogo mtu, akikataliwa anamsingizia. Watoto wa madrasa wakapiga kelele, "Yusufu na Zulekha!" Wanachokumbuka zaidi ni ng'ombe anayemnong'oneza Bata kwamba kaka yako amejificha nyuma ya mlango na mkuki, naye anainama anaiona miguu chini ya mlango.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na ile ya mwana wa mfalme. Paukwa! Pakawa! Mfalme hakuwa na mtoto wa kiume, akaomba, akapata. Wakaja wale Hathor, miungu wa kike wanaotamka ajali ya kila anayezaliwa, wakasema: atakufa kwa mamba, au kwa nyoka, au kwa mbwa. Nilitumia neno ajali kwa makusudi. Watoto wanalijua la mabasi. Niliwaambia kwamba wazee wetu waliposema ajali haina kinga walikuwa na maana ya siku ya mtu iliyoandikwa, na nyuso zao zikabadilika.

Mfalme akamjengea mwanawe nyumba ya mawe jangwani asitoke. Mtoto akapanda darini, akaona kitu kinamfuata mtu njiani. Kile ni nini? Mbwa. Na mimi niletewe. Baba hakuweza kuuvunja moyo wake. Kikaletwa kitoto cha mbwa. Akakua, akasema kama ajali yangu imeshasemwa niacheni niende, akaenda na mbwa wake hadi Naharina, huko kaskazini mwa Siria. Mfalme wa huko alikuwa na binti katika nyumba yenye dirisha la urefu wa dhiraa 70 kutoka chini, na atakayelirukia ndiye mume. Aliliruka. Hawakumtaka kwa sababu alijifanya mtoto wa askari aliyemkimbia mama wa kambo, lakini binti akaapa kwamba wakimwondoa hali wala hanywi. Wakaoana. Akamwambia mkewe habari za ajali zake tatu. Mke akasema, basi muue mbwa. Akasema: simuui mbwa niliyemlea tangu mdogo.

Mke akawa analinda. Usiku akatega bakuli la pombe, nyoka akatoka shimoni, akanywa, akalewa, akapinduka, mke akamkatakata kwa shoka. Darasa lilipiga makofi. Siku nyingine mwana wa mfalme anatembea na mbwa wake, mbwa akafunua kinywa akasema: mimi ndimi ajali yako. Akakimbia, akaingia ziwani, mamba akamkamata. Mamba akasema: mimi ndimi ajali yako niliyekufuata, lakini nina adui humu majini ninayepigana naye kwa miezi, ukinisaidia nitakuachia. Kukapambazuka, siku ya pili ikafika, na...

Hapo karatasi imekatika. Iko London, British Museum, na mwisho wake umepotea.

Walinikasirikia. "Mwalimu, kautafute!" Ninaielewa hasira hiyo. Nilipokuwa na umri wao nilinunua karanga stendi, zimefungwa kwenye ukurasa wa kitabu, na ukurasa huo ulikuwa wa mvulana amejificha kwenye pipa wakati wezi wanaingia. Nilirudi kwa yule mama muuza karanga kesho yake na keshokutwa yake kuuliza kama ana kurasa nyingine. Mpaka leo sijui kama walimwona.

Tukagawana karatasi, kila mtu aandike mwisho. Wasichana karibu wote walimtuma mke ziwani na shoka lake. Wengine walimfanya mbwa aombe radhi. Kijana mmoja, ambaye baba yake ni mlinzi wa ghala na wanafuga mbwa, na ambaye kuandika kwake ni kwa shida, alibaki mpaka wenzake wametoka. Aliandika kwamba mamba alisaidiwa, akatimiza ahadi. Mwana wa mfalme akarudi nyumbani na mbwa wake, wakakaa miaka mingi, mbwa akazeeka, akafa. Mwana wa mfalme akalia, hakula, hakunywa, naye akafa.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo mbwa ndiye aliyemwua?"

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini hakumng'ata."

Kisha akaniuliza yule wa vidole hodari alimalizaje. Nikamtajia polepole, neno kwa neno, naye akiandika ulimi nje: imetoka mwanzo wake hadi mwisho wake. Akaandika jina lake. Akaandika mwana wa, akaandika jina la baba yake, akapiga mstari kwa rula.